Ufunguo wa Tisa

Mwaka mmoja umetimia leo, Fundi, tangu Jumanne ile ulipoinamia jiliwa lako la kubania funguo kibandani, tupa ikiwa bado mkononi, ukaondoka bila kuaga. Mteja aliyekuwa akingoja ufunguo wake alidhani unapuliza vumbi la chuma. Alikusubiri kwa adabu. Mpaka leo anasimulia kwamba alisubiri muda mrefu kwa sababu hakutaka kukukatiza kazi.

Tunaukumbuka mluzi wako wa kati ya meno, ule wa nyimbo za kanisani, uliokatika kila tupa ilipogoma na kuendelea pale pale ulipoachia. Tunaikumbuka chai yako yenye sukari ya watu watatu. Tunazikumbuka chembe za chuma zilizong'aa kwenye nywele zako ukiwa mezani, mpaka wajukuu wakasema babu amemwagiwa nyota.

Na tunakumbuka jambo moja ambalo mtaa mzima unalijua. Mtu akifungiwa nje ya nyumba yake, wewe ndiye uliyeitwa. Ulikuja na nyaya zako mbili na kopo la mafuta, ukakichezea kitasa kidogo kama mtu anayemtekenya mtoto, kikaachia. Hakuna mlango uliokushinda. Lakini hukuwahi kuchungulia ndani. Mlango ukifunguka tu, uligeuka ukaupa mgongo, ukaangalia barabarani mpaka mwenye nyumba aingie. Mkeo aliwahi kukuuliza kwa nini, ukamjibu kwamba kazi yako inaishia kwenye kitasa, ya ndani ni ya wenyewe.

Mkeo alilipenda sana jibu hilo, mpaka alipoukuta ufunguo wa tisa.

Wasomaji watatushangaa, Fundi, maana kumbukumbu za wengine ni sifa kuanzia juu hadi chini. Yako ina jambo ndani yake, na kwa ajili ya jambo hilo tumeomba nafasi kubwa kuliko kawaida katika ukurasa huu wa gazeti. Nawe ungetaka tuliseme. Tuna hakika hiyo sasa. Kwa muda mrefu hatukuwa nayo.

Ilikuwa wiki moja baada ya mazishi. Mkeo aliketi kitandani akaishika pete yako ya funguo, ile ya shaba uliyokuwa ukiifunga kwenye mkanda. Mke wa fundi wa funguo hasubiri kuambiwa ufunguo ni wa wapi, kidole chake kinajua. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma, chumba cha wageni, kabati la nguo, kibanda, sanduku la vifaa, stoo ya kanisa, baiskeli. Nane. Kidole kikafika kwenye wa tisa, kikasita.

Ulikuwa ufunguo mrefu wa kizamani, shina lake nene kama penseli, jino lake limekatwa vidato kama ngazi. Nyumbani kwetu hakuna kitasa cha namna hiyo. Wala haukuwa ufunguo wa mteja uliosahaulika, kwa sababu ulikuwa unang'aa, na chuma cha namna ile hung'aa kwa kushikwa.

Alimwita binti yenu, ambaye sasa ndiye fundi pale kibandani. Binti akaupeleka dirishani, akaugeuza mara mbili. Akasema huu haukuchongwa na baba, maana hauna chale zake. Kila ufunguo uliotoka mikononi mwako ulikuwa na chale mbili ndogo kichwani, alama yako. Huu haukuwa nazo.

"Basi huu amepewa," binti akasema.

"Amepewa na nani?"

Binti alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mkeo akafungua sanduku la vifaa. Chini kabisa, chini ya tupa zilizochakaa, akakuta leso yako imefungwa fundo, na ndani yake kitu kigumu. Alifunua pembe moja tu. Ilikuwa sabuni ya kuogea, ya rangi ya waridi, imekauka mpaka imepasuka, lakini harufu ya maua bado ilikuwapo. Nyumba yetu imeoga kwa sabuni ya mche miaka yote. Mkeo akaifunga leso, akairudisha pale pale kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Laiti angefunua pembe zote nne, hadithi hii ingekuwa fupi.

Hapo Jumatano zako zote zikamrudia. Kila Jumatano saa tisa mchana ulifunga kibanda, ukasema unakwenda kwenye maombi ya wazee. Ulirudi jua likiwa limelala, suruali imelowa magotini. Mwaka mmoja na nusu mkeo alizifua suruali hizo kwa fahari. Wapo wake kanisani ambao magoti ya waume zao hayajawahi kuchafuka, naye alikuwa akiwahurumia.

Alikwenda kwa mchungaji, akamkuta anapaka rangi mabenchi. Hakumuuliza moja kwa moja. Alisema tu kwamba angependa kuwashukuru wazee wa maombi ya Jumatano waliosali na mumewe. Mchungaji akaiweka brashi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akasema maombi yale yalikufa miaka mitatu iliyopita, wazee walipoanza kulalamikia migongo.

Mkeo akashukuru, akaaga, akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Kesho yake alikwenda kwa mchonga mawe. Maneno ya jiwe lako yalikuwa yameshapelekwa: jina, miaka, na chini yake, Mume Mwaminifu. Mkeo akamwambia asimamishe kazi. Mchonga mawe akauliza kama jina limekosewa. Mkeo akasema jina ni sahihi, ni mstari wa chini ndio anauchunguza. Jiwe lako likakaa uwanjani kwake miezi kumi, limeandikwa nusu, na sisi tukilionea aibu kila tulipopita.

Kulikuwa na jambo zito kuliko jiwe. Mkeo aliacha kulitaja jina lako kwenye sala zake. Alishukuru kwa watoto, kwa wajukuu, kwa pumzi, kwa paa lisilovuja. Akifika kwako aliruka, kama mtu anayeruka dimbwi, akaenda kwenye amina. Aliogopa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu ambaye hamjui. Na kila alipoliruka jina hilo, usiku na mchana wake vilizidi kuwa vikavu. Hakutafuta mlango ule kwa udaku. Alitaka kujua kama anaweza kusali tena akiwa mzima.

Basi akafanya jambo ambalo mjane mwingine asingelifanya, kwa kuwa mjane mwingine hajaishi na fundi wa funguo miaka thelathini na minne. Alianza kusoma milango. Ufunguo ule ulihitaji tundu pana la kitasa cha zamani, na vitasa hivyo vimebaki vichache. Alitembea mtaa kwa mtaa na kikapu mkononi kama aendaye dukani, macho yakiwa kimo cha kiuno. Watu walimsalimu, akawaitikia huku akiitazama milango yao. Ikasemwa kwamba mjane wa Fundi ana huzuni kubwa, hata macho hainui.

Tundu lile alilipata mtaa wa nyuma, kwa fundi cherehani. Mwanamke yule naye ni mjane, bado mbichi, akicheka meno yote yanaonekana. Ulimtengenezea mlango mara mbili katika mwaka mmoja, na mkeo alizikumbuka mara zote mbili, pamoja na shati ulilovaa. Akamvizia mpaka akatoka na mzigo wa nguo za wateja. Akasogea mlangoni, akatazama huku na huku, akaingiza ufunguo. Uliingia. Haukuzunguka. Akaukaza. Haukuzunguka.

"Mama, huo mlango haujafungwa," ilisema sauti nyuma yake. "Sukuma tu."

Fundi cherehani alikuwa amesahau mkasi. Mkeo alitafuta uongo wa haraka, asiupate, maana hakuwahi kuwa na akiba yake. Akasema ukweli wote: ufunguo, Jumatano, magoti, sabuni. Fundi cherehani alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha mteja.

"Kwa nini mimi?"

"Unanukia."

"Nanukia mafuta ya cherehani. Njoo unuse, mama, usiogope."

Mkeo alinusa. Yalikuwa mafuta ya cherehani.

Halafu mwanamke yule akaacha kucheka, akasema jambo. Kweli ulikuwa ukipita hapo kila Jumatano. Ulipita na ndoo ya plastiki, na ndani ya ndoo kulikuwa na matambara na brashi ya kusugulia. Yeye hajapata kuona mwanamume anayekwenda kwa hawara na brashi ya sakafu. Ulishuka mpaka kwenye vile vyumba vya mstari, nyuma ya karakana ya maseremala iliyofungwa, mlango wa mwisho. Na kabla ya siku za ndoo, kulikuwa na wiki kadhaa alizokuona umeketi chini nje ya mlango huo, kofia juu ya goti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Alidhani mwenye chumba hayupo. Baadaye akagundua yupo.

Mkeo alisubiri Jumatano. Saa tisa mchana alisimama mbele ya mlango ule. Rangi ilikuwa imebanduka, tundu lilikuwa pana, na pembeni ya tundu kulikuwa na doa la mafuta, mafuta yako, tungeyajua popote. Hakubisha hodi. Tunalisema hilo kwa kuwa yeye mwenyewe ametaka lisemwe. Alitaka kumkuta aliyemo kama alivyo. Akaingiza ufunguo, ukazunguka kama kijiko kwenye uji.

Kilikuwa chumba cha mtu mmoja. Kitanda ukutani, kigoda, meza yenye kikombe na vijiko, sakafu ya saruji iliyowahi kusuguliwa sana na sasa imerudiwa na vumbi. Kitandani alilala mzee mwembamba, macho meupe yakitazama dari.

"Umechelewa, Fundi," alisema. "Unakaribia mwaka."

Mkeo aliuchomoa ufunguo mlangoni. "Si Fundi," alisema. "Mimi ni mke wake."

"Amekutuma urudishe ufunguo."

"Amefariki. Jumanne. Siku moja kabla ya Jumatano uliyomkosa."

Mkono wa mzee ulipapasa ukingo wa blanketi kama unaotafuta kifungo.

"Kumbe hakuingia mitini," alisema. Kisha akalirudia taratibu, kana kwamba anamwambia mtu mwingine: "Hakuingia mitini."

Ndipo mkeo alipoisogelea ile sura, akaijua. Sisi sote tunaijua. Alikuwa yule mlinzi wa ghala la dawa.

Kwa wasiokumbuka: miaka kumi na minne iliyopita ghala la dawa lilikutwa limekombwa. Kitasa kilikuwa kizima. Aliyeingia alikuwa na ufunguo. Funguo zilijulikana kuwa mbili, mmoja wa bosi na mmoja wa mlinzi, na wa bosi ulikuwa kwenye droo yake. Siku chache baadaye wa tatu uliokotwa kwenye nyasi, lakini watu walikuwa wameshachoka kufikiri. Mlinzi alikaa mahabusu miezi mitano, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, akatoka akiwa na jina jipya. Mtaani alikuwa Mwizi wa Dawa. Kanisani kwetu hatukumwita hivyo kwa sauti. Tulimwachia nafasi kubwa tu kwenye benchi. Jumapili moja aliketi karibu na mkeo, na mkeo akauvuta mkoba wake, akauhamishia upande wa pili. Mlinzi aliuona mkono ule ukivuta. Baada ya hapo hakuja tena kanisani.

Alichosimulia mzee, Fundi, wewe unakijua. Tunakiandika kwa ajili ya wengine.

Alisema siku ya kwanza ulisimama mlangoni ukiwa umevua kofia, ukamwambia: "Ule ufunguo wa tatu niliuchonga mimi." Ulimweleza kwamba alikuja mteja mwenye shati la pasi na maneno matamu, akiwa na alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye sabuni. Alisema ni wa chumba cha mama yake. Ulijua kwamba fundi hachongi kwa sabuni, kwa sababu mwenye haki ya kuingia huleta ufunguo au hukupeleka mlangoni. Lakini ulikuwa na haraka ya kuwahi mazoezi ya kwaya, ukachonga. Ufunguo ulipookotwa, watu wakaenda kuutazama, nawe ukaenda. Ukaziona chale zako mbili. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umechaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Ukarudi kibandani, ukanyamaza miaka kumi na mmoja na zaidi.

Fundi, kile kibao chako kisemacho HATUCHONGI BILA KUUONA MLANGO tulikisifia miaka yote. Tulikumbuka vizuri ulikitundika lini, mwaka ule ule wa wizi. Hatukujiuliza kwa nini.

"Nilimtupia kiatu," mzee alimwambia mkeo. "Wakati ule nilikuwa bado naona. Kikampata hapa shavuni, kikatoka naye nje. Wiki ya pili akakirudisha, ameshashona kisigino. Akakiweka hapo, akaketi chini. Sikumfungulia."

Wiki sita uliketi pale nje. Wewe, ambaye hakuna mlango uliokushinda, ulikuwa na nyaya zako mfukoni na mbele yako kitasa ambacho hata mtoto angekifungua, ukangoja kufunguliwa.

Mzee alikushuku, na hakumficha mkeo. Alidhani unautafuta msamaha ili upate usingizi, halafu utaondoka na usingizi wako umwache yeye na jina lake. Wiki ya saba alifungua ili ajue unataka nini. Uliomba maji na brashi. Ukapiga magoti ukasugua sakafu. Wiki zilizofuata ulimwosha miguu, maana alikuwa hawezi tena kuifikia, na mpwa wake anayemletea chakula asubuhi huwa na haraka. Macho yalipomwisha, akakupa ufunguo wake.

"Si kwa upendo, mama, usinielewe vibaya," alisema. "Nilitaka nione ataiba nini. Nina vijiko vitatu. Kila akitoka nilivipapasa. Mwaka mzima, vitatu."

Halafu siku moja alikuambia neno ambalo mkeo amelibeba tangu siku hiyo: "Sakafu sasa ni safi, Fundi. Jina langu je? Walioniita mwizi si sakafu."

Alisema baada ya hapo ulikuja wiki tatu bila mluzi. Ya nne ukamwambia kwamba Jumapili inayofuata utasimama mbele ya kanisa. Alisikia brashi ikigongagonga ndoo. Akakuuliza kama mkeo anajua. Ukasema bado, utamwambia Jumamosi jioni, na kwamba kati ya watu wote ni yeye unayemwogopa zaidi, kwa sababu amekuamini.

Jumanne ukafariki. Jumatano mzee alisikiliza mlango mpaka giza likaingia. Akasema moyoni: nilijua.

Mkeo alirudi nyumbani, akaitoa leso, akafunua pembe zote nne. Upande wa pili wa sabuni ya waridi kulikuwa na alama ya ufunguo, imezama vizuri, meno manne. Uliitunza miaka yote hiyo chini ya tupa zako.

Ungedhani hapo moyo wake ulitulia. Unamjua mkeo. Alikaa siku tatu na swali moja: je, angesimama kweli? Maana mtu kuahidi mbele ya kipofu chumbani ni jambo moja, kusimama mbele ya watu mia mbili wanaokuita mzee wao ni jambo jingine. Akarudi kwa mchungaji, akamuuliza kuhusu Jumapili ile. Mchungaji akavuta droo, akatafuta, akatoa karatasi ya ratiba ya ibada. Baada ya matangazo, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika: Fundi, dakika tano. Alidhani ni shukrani. Tena akakumbuka kwamba siku ulipoomba dakika hizo, ulitoa futi yako ukaupima upana wa mlango wa pembeni, ukauliza kama kitanda kingepita. Yeye alifikiri unazungumzia kitasa kipya.

Mkeo aliomba aishike ile karatasi. Aliishika muda mrefu. Asubuhi ya kesho, alipofika kwenye jina lako katika sala, hakuruka.

Ilibaki kazi yenyewe. Dada yako aliitwa, nasi tukakaa sebuleni. Dada yako hakuzunguka.

"Wifi, unataka kumzika ndugu yangu mara ya pili?"

Binti naye alisema pole pole kwamba kibanda kina jina la baba, na nani atamletea ufunguo fundi ambaye baba yake aliwafungulia wezi. Hatukumlaumu. Ana watoto wa kulisha kwa tupa ile.

Mkeo aliwasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Kosa la ufunguo ni lake. Kosa la mkoba ni langu. La kwake lilishapangiwa dakika tano. La kwangu nani atalisema?"

Binti yako alisimama, akaitafuta futi yako kwenye sanduku, akasema anakwenda kupima kitanda cha mzee.

Kilipita, Fundi. Kwa vidole viwili kila upande. Ulikuwa umepima vizuri.

Jumapili mbili zilizopita, wanaume wanne walikiingiza kitanda kanisani kwa mlango wa pembeni, mzee akiwa amevaa shati lako jeupe. Watu waligeuka. Wengine walimkumbuka, tukaona mabega yakisogeleana. Baada ya matangazo mchungaji akamtaja mkeo. Alikuwa ameketi karibu na kitanda. Akainuka, akauweka mkoba wake juu ya blanketi, kando ya mkono wa mzee.

"Mama, umeacha mkoba," mzee alimnong'oneza.

"Najua," alisema mkeo, akaenda mbele.

Alishika kila benchi alilopita. Amesema tuandike hivyo, asije mtu akadhani alikuwa jasiri. Alisema yako, akaifungua leso, akaiinua sabuni wote waione. Halafu akasema yake, ya mkoba, na hilo lilimwia gumu kuliko la kwako. Alimaliza kwa dakika nne. Mmoja wa wazee wenzako alitoka nje na hajamsalimu mkeo mpaka leo. Mama mmoja wa kwaya alianza kulia, na mwingine akamwambia anyamaze. Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa sawa. Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma, ambaye siku zile ndiye aliyesambaza lile jina, alikuja kwa mkongojo wake mpaka kitandani, akasimama tu hapo, asijue afanye nini na mikono.

Mkeo aliporudi kuketi, mlinzi alimrudishia mkoba.

"Nimeupapasa," alisema. "Una peremende na miwani. Hata mwizi angeusikitikia."

Basi na wale ambao hawakuwapo kanisani siku ile, na wale waliohama mtaa wakahama na jina hilo midomoni, wasome hapa: mlinzi wa ghala la dawa hakuiba. Ufunguo ulitoka kibandani kwetu. Tunamwomba radhi, yeye na mpwa wake, na tunaomba kila aliyelitamka lile jina alirudishe alikolitoa.

Yule wa shati la pasi hatumjui. Kama yu hai na anasoma, ajue kwamba mkeo bado anaangalia mashati ya watu.

Kibanda kimepoteza wateja wachache. Kimepata wengine, wanaosema wanataka kuchongewa na watu wanaosema ukweli. Binti anapiga chale tatu sasa, mbili zako na moja yake. Mkeo huenda kwa mzee kila Jumatano saa tisa na ndoo yako. Ufunguo anao, lakini hautumii mpaka abishe hodi na kuitikiwa, na mzee humchelewesha makusudi, kisha huuliza ni nani, ilhali anajua. Vijiko bado vitatu. Mzee amevihesabu mbele yake.

Jiwe lako limesimama. Mchonga mawe aliuliza kuhusu mstari wa chini, kama uchunguzi umekwisha. Mkeo akamwambia umekwisha, ila maneno yamebadilika. Chini ya jina lako na miaka yako sasa pameandikwa: Alibisha Hodi.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako, fundi wa kibanda. Dada yako, ambaye amekuja kwenye jiwe mara mbili na kusema limeandikwa vizuri. Wajukuu wako wanaozitafuta nyota kwenye nywele za mama yao. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyeomba atajwe. Na rafiki yako mlinzi, ambaye ametuagiza tuandike rafiki.

Siku zote, na kila Jumatano saa tisa mchana hodi ya mlango ule inapoitikiwa kutoka ndani, tutakukumbuka.